Panzi Aliyejifunza Kufumua

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, nimejilaza kwenye majani yenye umande, na anayebisha aje anibishie usoni. Buibui alifungua chuo cha ufumaji, bila ada, ila mwanafunzi alale hapohapo. Panzi akajiandikisha. Kila siku alipewa kazi moja tu: kufumua nyuzi alizokosea mwalimu.

"Fundi, kufuma nitajifunza lini?"

"Tulia, dogo. Mafundi wote tumeanzia kufumua."

Misimu ikapita polepole kama ukungu. Panzi alifumua hata akisinzia, miguu ikiijua njia yenyewe. Siku ya mahafali Buibui akamzungushia nyuzi mwili mzima, kwa upole, kama anayemvisha joho.

"Mbona unabana, Fundi?"

"Hiki ndicho cheti, dogo. Umenona, nakula."

Panzi alifumba macho. Miguu ikapapasa ncha ya uzi, ikafumua fundo moja baada ya jingine, na nyuzi zikadondoka laini kama usingizi. Akaruka zake.

"Laiti ningemfundisha kufuma!" alilia Buibui.

Kilio hicho nimekitunga mimi. Buibui alinyamaza tu, nami sipendi hadithi iishie kwenye ukimya.