Lebo ya Gunia Mgongoni mwa Saumu

Mabibi na mabwana, natangaza kwa taadhima kwamba tangu sheria iwavalishe mahamali wote mkanda wa mgongo wenye mikono ya chuma, usiovuliwa hata nyumbani, hakuna kiuno kinachouma nchini. Kiuno cha baba yangu ni kizima kabisa. Ila hawezi kumbeba mdogo wangu Saumu, wa miaka miwili, kwa kuwa mkanda humkaza asiweze kuinama akigusa kitu kisicho na lebo ya ghala.

Jana Saumu alililia kubebwa mpaka akapaliwa. Baba akasimama wima kama mlingoti, machozi yakimtoka. Mimi, niliyerudi likizo kutoka bwenini, nilitaka kuvunja kitu.

Leo asubuhi Baba akambeba! Akambusu, akacheka. Mara mikono ya chuma ikamfunga mtoto kifuani, na mkanda ukatamka: "Mzigo ushushwe ghalani."

"Mama Akida, haufunguki!" Baba alipiga kelele.

Mama akabandua karatasi mgongoni mwa Saumu. Mikono haikulegea.

"Mchele, kilo hamsini? We Akida! Nani kabandika upuuzi huu?"

"Mimi, Mama. Nilitaka ambebe mara moja tu."