Gari Alilolichagua Des

Des Pargeter alilipiga teke tairi la gari la nne asubuhi hiyo, akasonya.

"Na hili nalo gari? Hili la kupelekea watoto shule. Ukilifunga karavani yangu litakatika kiuno kabla hatujafika Dalby."

Tuan, muuzaji wa yadi ya magari mjini Toowoomba, alitabasamu kwa subira. Gari lenyewe lilikuwa fowili la Kijapani, gari la nguvu ambalo nusu ya wazee wa mji huo walilitumia kuvuta karavani zao. La kwanza Des alikuwa ameliita sufuria. La pili, gari la walimu. Machoni pake kila aliyewahi kununua gari alikuwa mjinga, kuanzia shemeji yake aliyeizunguka nchi na kijigari cha petroli akarudi salama, jambo ambalo Des hakuwahi kumsamehe.

Karavani ilikuwa nyumbani ikisubiri: nyumba nzima juu ya magurudumu manne, ina jiko, ina choo, ina mpaka mashine ya kufulia. Ilikuwa ya kuizungukia Australia yote, mwaka mzima barabarani. Noelene, mke wa Des, aliitaka safari hiyo tangu alipoolewa, na kwa miaka thelathini na nane mumewe alikuwa na sababu ya kuiahirisha. Sasa pesa zilikuwa za Noelene, za nyumba aliyoachiwa na mama yake, na gari lingeandikwa kwa jina lake. Lakini kuchagua gari, Des alisema, ni kazi ya mwanamume.

"Naomba kuuliza," Noelene alisema. "Karavani ikishafungwa nyuma, gari lenyewe linaruhusiwa kubeba kilo ngapi?"

"Aa, mama, usituchoshe," Des alimkata.

"Kuuliza si ujinga, mzee," Tuan alisema. "Likivuta tani tatu na nusu, mama, nafasi inayobaki ni ndogo sana. Kila mnachoongeza kinakula humo humo. Hata nyie wenyewe mnahesabiwa."

"Hata sisi wenyewe," Noelene alirudia taratibu.

Des akaangua kicheko. "Mwanamke na hesabu, wapi na wapi! Injini, bwana. Mimi nionyeshe injini."

Akalichagua la tano, jeusi, refu, lenye sauti ya kuamsha mtaa. Kisha akaanza kuliongezea. Bampa nene la chuma mbele. Winchi. Tangi la pili la dizeli. Keria ya juu. Droo za chuma za kuwekea vifaa, kana kwamba anakwenda kujenga daraja.

Siku nyingine Noelene angepinga. Leo alisogea karibu na kuuliza, "Na spea tairi ya pili je? Njia za kule si mchezo."

Des alimtazama kwa mshangao. "Ehee! Umeanza kupata akili."

"Na lile friji kubwa la nyuma."

"Andika na friji, kijana," Des alimwambia Tuan, amejaa furaha. "Unaona? Hawa ukiwafundisha polepole wanaelewa."

"Mtakuwa mnapokezana usukani?" Tuan aliuliza akiandika.

"Huyu? Usukani wangu hagusi! Kwao Cunnamulla alikuwa anavuta trela la ng'ombe la baba yake, basi anadhani hiyo ndiyo karavani."

Noelene alitia sahihi pale alipoonyeshwa.

Siku ya kuondoka, polisi walikuwa wameweka mizani nje ya mji, kama wanavyofanya kila msimu wa karavani unapoanza. Sajini mmoja, mwanamke mwenye kofia pana, aliwapungia mkono wasimame. Des aliliingiza gari kwenye mizani akijisifu dirishani.

"Mmezidisha kilo mia moja na saba," sajini alisema. "Hivi hivi hamwendi popote."

"Haiwezekani!"

"Kuna maji ya kumwaga kwenye matangi ya karavani?"

"Hata tone."

Des akageuka kutafuta mzigo wa mkewe ili autupe. Noelene alikuwa na kibegi kimoja, ndani yake nguo na mswaki. Vilivyobaki vyote vilikuwa vya Des, vimekazwa kwa nati, na kuvifungua ni kazi ya wiki nzima gereji.

"Basi ni rahisi," Des alisema bila aibu yoyote. "Mama, shuka. Utapanda ndege, tutakutana Darwin, kule kaskazini."

Sajini alimkazia macho. Noelene alikuwa ameshafungua mlango.

"Ndege nilishaifikiria," alisema. "Tiketi ninayo hapa."

"Umeona, sajini? Huyo ndiye mke sasa!"

Noelene alishuka. Sajini akasoma mizani. "Bado mmezidisha hamsini, mzee."

"Mizani yenu mbovu!" Des aliruka chini, injini ikinguruma, akaja kuitazama kwa macho yake. "Haya, sasa inasemaje?"

"Sasa ipo nafasi. Kilo sabini na moja."

"Shika hii, Des," Noelene alisema. Alimwekea bahasha mkononi, akazunguka mbele ya gari na kupanda upande wa dereva. Akafunga mkanda.

"Mimi nina kilo hamsini na saba," alimwambia sajini.

"Safari njema, mama."

Des alicheka, akaichana ile bahasha. Tiketi haikuwa ya Darwin. Ilikuwa ya Hobart, kusini kabisa, alikoishi mama mzazi wa Des, ya kwenda tu, kwa jina la Desmond Pargeter.