Mtu wa Koti la Kijivu

Yule mwanamume wa koti la kijivu alikuwamo hata kwenye picha ya daraja.

Mkunga aliketi kitandani, chumba namba saba cha nyumba ya wageni, akaikuza ile picha kwenye skrini ya kamera mpaka uso ukajaa kioo kizima. Ukungu mtupu. Lakini koti alilijua, na ile namna ya kusimama upande, bega moja mbele, kama mtu aliye tayari kutoka mbio.

Kamera ilikuwa na wiki tatu tu mikononi mwake. Wenzake wa wodi ya wazazi walimzawadia siku alipostaafu, pamoja na lenzi mbili: moja fupi, na nyingine ndefu kama chupa ya chai. "Umezalisha mji mzima," walimwambia, "sasa nenda ukaone miji ya wenzako." Ndiyo kwanza asafiri peke yake. Kubadilisha lenzi alikufanya kwa namna aliyoizoea kazini: ananawa mikono, anatandika taulo safi, anazuia pumzi, ndipo anazungusha. Hata hivyo picha za siku ya kwanza karibu zote zilitoka nyeusi tii, maana alisahau kuondoa kifuniko.

Mdogo wake alikuwa amemwonya kwenye simu.

"Dada, hiyo kamera itakuponza. Wezi wa siku hizi hawakurupuki. Wanakusoma kwanza. Mtu anaweza kukufuata hata siku tatu."

"Anifuate mimi, kizee hiki? Atachoka yeye."

"Haya. Mimi nimesema."

Sasa hakucheka. Alirudisha picha nyuma moja moja. Jana mchana, kituo cha treni: koti la kijivu, nusu limejificha nyuma ya nguzo. Jana jioni, mnara wa saa: koti kwenye benchi, gazeti limeufunika uso. Leo asubuhi, kabla ya daraja, bustani ya maua: koti halipo, ila kuna mtu wa kimo kile kile, kofia pana kichwani, mgongo ameipa kamera. Kumbe koti amelikunja kwapani! Mwizi wa kubahatisha hajisumbui kiasi hicho. Huyu ana mpango.

Akaichukua karatasi ya matembezi ambayo mapokezi humpa kila mgeni. Palipobaki ni jumba la makumbusho tu. Angeweza kujifungia chumbani mpaka saa ya treni, na hakuna ambaye angemcheka. Lakini kwa miaka thelathini na moja alikuwa amewaambia wanawake walioshikwa na hofu, "Usiruke kitandani, mama. Tulia, tukabiliane nayo." Leo ajifanye hakuyasema yeye?

Akafunga lenzi ndefu, akajitupia mtandio wake wa njano, akatoka.

Makumbushoni, mwanamume alikuwa ameshafika. Alisimama mbele ya kabati la vyungu vya kale, amekikodolea macho chungu kimoja kwa muda ambao hakuna chungu duniani kinachoustahili. Mkunga alijibanza nyuma ya sanamu ya jiwe, akainua kamera, akazungusha lenzi taratibu. Ukungu ukayeyuka. Macho mekundu ya mtu asiyelala. Jasho kwenye paji la uso. Vidole vinavyozungusha pete bila kutulia.

Kacha!

Ilikuwa picha yake ya kwanza kutoka safi kabisa, na mlio wake ulijaa ukumbi mzima. Mwanamume aligeuka. Macho yao yakakutana. Papo hapo akazunguka kabati, akapita mlango wa nyuma karibu akimbie.

"Ameona nimemjua," Mkunga alijisemea.

Dada mkata tiketi alimsogelea. "Mama, samahani, yule mzee mnafahamiana?"

"Simjui hata kidogo. Kwa nini?"

"Alipokuona unaingia aliniuliza kama umekuja peke yako, au nje kuna watu wanakusubiri."

Mkunga aliikumbatia kamera kifuani kama kichanga, akavuka barabara, akafuata ukuta huku akigeuka nyuma kila hatua chache, mpaka akaliona bango la kituo cha polisi.

Ndani palikuwa na meza moja, benchi, na askari mnene aliyekuwa akiandika. Mkunga aliitua kamera mezani na kuiwasha kabla hata ya kupumua.

"Afande, nimekuja na ushahidi. Kuna mtu..."

Askari aliinua macho. Akautazama mtandio wa njano. Akaitazama lenzi ndefu. Akaweka kalamu chini polepole.

"Kaa, mama," alisema, kisha akageuza shingo kuelekea chumba cha ndani. "Mzee! Njoo umtazame. Ndiye huyu?"

Mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha pua, na koti la kijivu likachungulia.

"Ndiye, afande. Tangu jana hanipi hata nafasi ya kupumua." Mwanamume akatoka nje mzima mzima, mikono juu, sauti ikimtetemeka. "Mama, yatosha, umenishinda. Mwambie mke wangu narudi nyumbani leo hii."