Walinzi wa Nyuma

Kitendawili, wajukuu: hawakukimbizi, hawakugusi, lakini kila unakorusha mpira wameshafika.

Ndivyo walivyocheza walinzi wa wageni Ijumaa ile, hapa kwetu Texas. Mpira ule wa Kimarekani, wenye umbo la yai, ukianza, walirudi nyuma kimyakimya, wakasimama wakimtazama Colby, mrushaji wetu, machoni. Karibu yake wenzake walikuwa peupe, hawana wa kuwakaba. Yeye akarusha mbali tena, walinzi wakadaka tena.

"We kijana, rusha karibu!" kocha akafoka. "Tukifungwa leo msimu umekwisha. Unaona nini huko nyuma?"

Colby aliendelea kukodolea macho mwisho wa uwanja. Jasho lilimdondoka kidevuni, na baridi ilikuwa ya kuuma.

"Umemeza ulimi? Nimekuuliza!"

"Yuko mmoja nyuma yao, Kocha. Ananipungia nimrushie. Amevaa jezi tuliyomzika nayo mwanao."