Kompyuta Isiyo na Chuma

Pamba ya kijiji cha Bukundi ilikuwa imekwisha kununuliwa. Mawakala wa Luhaga walitangulia kwa siku moja tu, wakaingia nyumba zilezile kumi na nane zenye pamba safi, wakazipita nyingine kana kwamba hawazioni.

Ilikuwa mara ya nne msimu huu. Mzee Mashimba, mwenye kinu cha pamba mjini Bariadi, alibwaga kofia mezani. Tangu biashara ya pamba iachiwe huru alishindana na Luhaga kijiji kwa kijiji, lakini kushindwa namna hii hakukujua. Orodha ya nani ana pamba safi, na siku ya kumfuata, ilikuwa kwenye kompyuta moja, na mtunzaji wake alikuwa Klementina.

Klementina alikasirika mpaka machozi. Afanye nini tena? Ndani ya ile kompyuta alikuwa ametengeneza nyingine, isiyo na chuma chake, na orodha ikakaa humo. Virusi vikiingia ya nje, ya ndani havifiki. Waya wa simu aliuchomoa. Mlango aliupiga kufuli mbili. Kila Jumamosi alimkabidhi mzee bahasha yenye sidii tatu za akiba, kila moja nakala nzima ya hiyo ya ndani, na neno la siri jipya, basi.

Siku ya kwanza alimweleza vizuri: hiyo ya ndani ni faili tu. Chuma kikifa, unaihamishia chuma kingine, inaamka na kila kitu chake. Mzee alifurahi. Mfugaji ukimweleza habari za kuhamisha, hachelewi kuelewa.

Leo hakuwa na furaha. “Funguo unazo peke yako,” alisema. “Kesho usije.”

Klementina alitoa kikombe chake kwenye droo. Roho ilimuuma, maana jina la mwizi halifutiki Bariadi. Mlangoni akageuka, akauliza kama walau zile sidii mzee amezifungia mahali.

Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto.

“Ng'wanone, mwanangu, nani anaweka mali yote zizi moja? Ya kwanza huwa napeleka kwa Nkinda, Maswa. Ya pili kwa Salu, Lamadi. Ya tatu kwa Luhaga. Na kila moja naipeleka na neno lake la siri. Sokoni tunagombana, lakini ng'ombe wangu wako kwake tangu mwaka wa njaa, na hajapoteza hata ndama. Anakunywa maziwa tu.”