Picha ya Pili

Daktari aliigeuza skrini ili Mwanakheri aone picha za ubongo wake. Kipimo cha kwanza kilionyesha uvimbe tu. Hiki cha pili kilifuata jinsi damu inavyoingia ndani yake, kikapima na kemikali zake, ndipo aina yake ikajulikana.

"Si ile tuliyoihofia, mama. Huu hukua polepole, na tutautoa. Utapona."

Mwanakheri alimgeukia mumewe, machozi ya furaha yakimlengalenga. Sudi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Una hakika, daktari?" Sudi aliuliza.

"Kabisa."

"Mbona husemi alhamdulillahi?" Mwanakheri alimuuliza mumewe.

"Nimeshaposa," Sudi alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani hutafika mwezi mtukufu. Nimemposa Raya. Wazee wako wamekubali."

Raya, mdogo wake wa tumbo moja! Na wazee wake, wanaomwombea dua kila swala, walikwisha kumzika.

Alitoka bila kuaga, akijishikiza ukutani. Nje, Raya aliinuka haraka kwenye benchi, akamimina uji kikombeni, akaupuliza upoe.

"Wamesemaje, dada?"

Mwanakheri alikipokea kikombe, akabaki amekishika, mvuke ukimpanda usoni.