Mwenyeji Asiyegusa Kitu

Bangili ilihesabu saa za kujitolea za kila mwanafunzi wa chuo, lakini mwenyeji, yaani mzee aliyehudumiwa, akishika kazi yoyote, hesabu ilisimama. Ndiyo maana Bi Tunu alikaa mkekani, mikono mapajani, akimwangalia Zamda, mwanafunzi aliyepangiwa kwake, akikuna nazi.

"Umetulia kama bibi harusi," Zamda alimtania.

"Bibi harusi wa miaka sabini na tatu! Hebu usikune mpaka kifuu, tui litakuwa jeusi."

Binti alikuwa mwema. Asubuhi za baridi alimpashia maji kabla ya kumwosha miguu. Bila saa zake kutimia, asingeruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho, na Bi Tunu hakutaka kumponza. Kwa miezi mitano, ingawa nguvu alikuwa nazo, hakushika ufagio wala mwiko. Hata chai alinyweshwa.

Siku hiyo bangili ikalia. Saa zilikuwa zimetimia. Zamda akamkumbatia, machozi yakimtoka.

"Umenisaidia sana, bibi. Wenzangu wamepewa wazee wasiotulia."

"Nenda kasome, mwanangu."

Alipobaki peke yake, Bi Tunu alitaka kufunga khanga vizuri aende jikoni kwake. Vidole havikukaza fundo. Akajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Akajaribu tena.

"Hodi!" Binti mgeni alichungulia mlangoni, bangili mpya mkononi. "Shikamoo, bibi. Zamda amenisimulia kuwa wewe hugusi kitu."

"Marahaba. Karibu, mwanangu," alisema Bi Tunu, akamnyooshea mikono amwinue. Safari hii hakuwa anajifanya.